Kushusha na kupandisha injini ya Hilux uani

Wiki iliyopita nilishusha, yaani nilitoa, injini ya Hilux, ya dizeli aina ya 5L, uani kwa mwenye gari hapa Isevya, Tabora. Gari hilo hubeba asali kutoka Sikonge. Sili ya nyuma ya krenki (mpira unaozuia oili isitoke pale shafti kuu ya injini inapotokea nyuma) ilikuwa inavuja oili hadi klachi ikaanza kuteleza. Watu huniuliza kama kazi hii inawezekana nyumbani. Inawezekana, ila akili yako yote iwekeze kwenye kuipandisha, yaani kuirudisha ndani ya gari.

Anza na ardhi. Udongo wetu ni wa kichanga, na jeki hudidimia polepole wakati wewe umeshaingia chini. Weka kipande cha ubao mgumu, mninga ukiupata, chini ya kila jeki na kila mguu wa stendi. Tumia miguu mitatu ya bomba nene la chuma na cheni bloku (kinyanyulio cha mnyororo) ya tani 1. Miembe ya Tabora ina kivuli kizuri, lakini usitundike injini kwenye tawi: huwezi kujua kama limeoza ndani.

Kushusha kwenyewe hakuna siri. Toa waya hasi wa betri kwanza, mwaga maji na oili, kisha ondoa boneti, rejeta na feni. Piga picha kwa simu kabla ya kuchomoa waya wowote, na uandike kwenye gundi ya karatasi unakoenda. Kompresa ya AC na pampu ya stelingi zifungue zikiwa na mipira yake, uzifungie pembeni kwa waya, gesi isitoke. Toa stata, tenga bomba la moshi, weka jeki chini ya gia boksi, fungua bolti zinazoishika kwenye injini, halafu nati za maunti (mipira inayobeba injini). Vuta injini mbele, ndipo uinyanyue.

Ikiwa nje, badilisha sili ya krenki, beringi ndogo ya katikati ya flaiwili (gurudumu zito nyuma ya krenki) na rilizi beringi (inayosukuma klachi ukikanyaga pedali), hata kama zinaonekana nzima. Bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na kurudia kazi yote hii. Klachi iliyolowa oili usiioshe kwa petroli ukairudisha. Weka mpya, na uso wa flaiwili uwe mkavu kabisa.

Sasa kazi yenyewe. Klachi pleti lazima ikae katikati kabisa kabla hujakaza kava lake. Tumia shafti ya gia boksi mbovu, au kijiti kilichozungushiwa gundi kikajaa tundu. Kaza bolti kidogo kidogo kwa kupishana. Kisha irudishe injini kwa cheni, uisukume kwa mkono mpaka uso wake na wa gia boksi zigusane zenyewe. Ikibaki nafasi ya kidole, simama. Tia gia, magurudumu ya nyuma yakiwa chini, zungusha puli ya krenki taratibu kwa spana, meno ya shafti yataona njia yake.

Usivute injini na gia boksi zikutane kwa kukaza bolti. Nilipokuwa mwanafunzi wa ufundi niliona gari lililovutwa hivyo: sikio la kava la gia boksi lilipasuka, na katikati ya klachi pleti palipinda, gia hazikuingia tena. Vilevile usiache gia boksi ining'inie kwenye pleti hata dakika moja. Kwenye gari la otomatiki hatari ni kubwa zaidi: toki kovata (inayokaa mahali pa klachi) isipoingia mpaka mwisho kabla ya kukaza, inaponda pampu ya gia boksi. Inatakiwa izunguke huru kwa mkono wakati nyuso zimeshagusana.

Waya wa athi (wa kurudisha umeme) kutoka injini hadi bodi husahaulika kuliko kitu kingine chochote. Stata ikizunguka kwa uvivu, tazama hapo kabla ya kulaumu betri.

Kabla ya kuwasha, jaza oili na maji, chomoa waya wa solenoidi ya pampu ya dizeli (inayofungulia dizeli) ili injini isiwake, piga stata kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili izimike. Rudisha waya, bonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya chujio cha dizeli hadi iwe ngumu, ndipo uwashe.

Hilux ile iliwaka mara ya pili. Niliiacha ingurume huku kifuniko cha rejeta kikiwa wazi, hewa itoke, nikaongeza maji mara mbili. Ilipopoa nilikaza tena nati za maunti. Mbili zilikuwa zimelegea.