Tom20 ya mmea siyo Tom20 ya hamira, jamani

Wiki hii nimeletewa tena slaidi ileile. Ni mchoro wa Tom za hamira, yaani protini za utando wa nje wa mitokondria (vyumba vya nishati vya seli) zinazopokea na kuingiza protini nyingine: Tom20 hapa, Tom70 pale, Tom22 katikati, afu juu mtu kaandika "mmea". Nikauliza, nikajibiwa mitokondria ni mitokondria. Haya.

Ya msingi nayapita mbio maana hayana ugomvi. Karibu protini zote za mitokondria jeni zake ziko kwenye kiini, zinatengenezwa nje na ribosomu za sitoplazimu, zinapenya mlango wa Tom40 kwenye utando wa nje, na zile zenye kipande cha mbele (kinachozielekeza) zinapita mlango wa TIM23 kwenye utando wa ndani, chaji ya utando inavuta, protini saidizi Hsp70 inamalizia kwa nishati ya ATP, kipande cha mbele kinakatwa. Hayo hata hamira inafanya.

Sasa Tom20. Ya hamira na ya wanyama imejichomeka kwenye utando kwa ncha ya N (mwanzo wa mnyororo wa protini), ya mmea kwa ncha ya C (mwisho wake), yaani iko miguu juu kichwa chini. Na usiniambie ni ileile imepinduka, hapana, hizi hazina ukoo kabisa, kila moja ilizuka kivyake afu zikajikuta kwenye kazi moja ya kudaka kipande cha mbele. Hiyo 20 ni kilodaltoni tu, wamefanana uzito wakapewa jina moja, ndo chanzo cha vurugu zote hizi. Tom70 mmea hauna. Tom22 imenyolewa upande wa nje ikabaki Tom9, ule mkono wenye chaji hasi ambao vitabu vinausifia haupo. Na Arabidopsis, mmea mdogo wa maabara, ukizing'oa Tom20 zake tatu zinazotumika, protini zinaingia taratibu zaidi lakini mmea unaota! Sasa "risepta kuu" (mdakaji mkuu) ya slaidi yako ndo ipi?

Kinachosahaulika ni kwamba seli ya mmea ina kloroplasti pia, na vipande vya mbele vya pande zote mbili vinafanana kama mapacha: serini kibao, chaji hasi chache mno. Kuna protini zaidi ya 100 zinazoenda kote kuwili, kimeng'enya gluthathioni ridaktezi cha njegere kilionekana hivyo tangu 1995. Seli inazitenganishaje zile nyingine, zinazotakiwa upande mmoja tu? Kuna vipande vipande vya jibu, ila maelezo kamili hakuna mwenye nayo, anayekuambia ni anwani kama ya barua anakurahisishia mno. Mimi mwenyewe nishafurahia jeli nzuri kabisa (picha ya maabara inayoonyesha protini zilizoingia) kumbe nilikuwa nimeweka mitokondria peke yake kwenye tyubu, na zikiwa peke yake zinameza hata protini za kloroplasti. Siku hizi naweka mitokondria na kloroplasti pamoja, natenganisha baadaye, na bila kipimo cha valinomaisini, kemikali ya kuua chaji ya utando, hiyo jeli yako siiangalii.

Ah, na mkasi wenyewe unaokata kile kipande cha mbele, unaoitwa MPP: kwenye hamira unaelea ndani ya matriksi (uji wa ndani wa mitokondria), kwenye mmea ni sehemu ya kompleksi III, ileile ya mnyororo wa upumuaji. Kwenye viazi imejulikana hivyo tangu 1992, siyo habari mpya!

Slaidi niliirudisha na maelezo haya. Leo asubuhi imerudi, Tom70 wameifuta. Tom20 bado imejichomeka kwa ncha ya N.