'Pendant' haikutoka kwenye kupenda, tafadhali

Juzi nimeletewa tena, safari hii kwa kipaza sauti. Bwana harusi anamvika mkewe kidani, MC akadakia: "Mnajua Waingereza 'pendant' wameitoa kwetu? Maana humpi mtu usiyempenda!" Vigelegele ukumbi mzima. Mimi na sahani yangu ya pilau tukanyamaza. Ni mara ya nne mwaka huu.

'Penda' ni Kibantu kitupu. Kwa Wakikuyu na Wakamba ni 'enda', bila p, na pendo Wakikuyu huliita 'wendo'. 'Pendant' nayo ni ya Kilatini, 'pendere', kuning'inia, ikapitia Ufaransa. Yamekutana kwa sura, kama watu wawili waliovaa kitenge kimoja sokoni.

Tena MC kaiacha hadithi tamu kuliko hiyo. Kilatini kilikuwa na 'pendere' mbili: moja kuning'inia, nyingine kuning'iniza kwenye mizani, yaani kupima uzito. Na enzi za kulipa kwa madini, kupima ndiko kulikuwa kulipa. Hapo wakazaliwa 'spend', 'expense' na 'pension'. Akazaliwa pia 'pound', ambayo sisi tumeifanya pauni. Kwa hiyo kidani kile na pauni ni ukoo mmoja. Angelitangaza hilo, nadhani bibi harusi angefurahi zaidi.

'Hanged' na 'hung', wakati uliopita wa 'hang' (kuning'inia, kutundika) ya Kiingereza, nisiulizwe. Mahakamani anayenyongwa ni 'hanged', shati ukutani ni 'hung'. Sisi tuna kunyonga na kutundika, sioni kwa nini jambo hili litusumbue. Na mtumishi wao akiwa 'suspended' wamemtundika, wetu tumemsimamisha. Tuendelee.

Kinachonikera hasa ni maneno yanayojitia ukoo wa 'hang'. 'Hangar' ya uwanja wa ndege: nimeambiwa na watu wazima, wenye shahada, kwamba zamani ndege zilitundikwa darini. Hazikutundikwa! Ni Kifaransa, banda tu, nalo lilihifadhi magari ya farasi kabla hajaruka mtu. Wengi hulirudisha kwenye neno la Kijerumani cha kale la uzio wa nyumbani, wengine kwenye Kilatini cha banda la kupigia farasi kwato za chuma. Mimi niko na wa kwanza, ila siweki dau.

'Hangnail', ule ugozi unaochanika pembeni ya ukucha, kwa Kiingereza cha kale ilikuwa 'angnægl'. 'Ang' ni maumivu, na 'nægl' hapo ni msumari, kwa sababu ilikuwa sugu ya mguuni, ngumu kama kichwa cha msumari. Watu walipoisahau 'ang' wakabandika h, ugozi ukaanza kuning'inia.

Na hapo ndipo ukali wangu unapoanza kunisuta. 'Hammock', kile kitanda cha kamba kinachoning'inia kati ya miti, ni 'hamaca' ya Wataino wa Karibi, Wahispania wakaichukua. Waholanzi walipoisikia wakaigeuza 'hangmat', mkeka wa kuning'inia. Makosa matupu, lakini leo ndicho Kiholanzi sanifu. 'Penthouse' ilikuwa 'pentis', kibanda cha kuegemeza ukutani, kutoka 'pendere' ileile. Mtu akadhani mwishoni mna 'house', na sasa kibanda kimepanda ghorofa ya juu kabisa, kina bwawa la kuogelea. Wakosaji ndio waliotunga maneno haya, si sisi wenye kamusi. MC akisikilizwa miaka 300, sijui mjukuu wa kitukuu changu atamsahihisha kwa lipi.

Wiki iliyopita kijana ninayefanya naye kazi aliniletea tangazo la hoteli moja ya ufukweni alilolitafsiri. 'Hammock' kaitia Uswahilini kwa masikio: wageni wanaahidiwa "hamaki za bure chini ya minazi." Nilicheka hadi machozi, kisha nikaandika "vitanda vya kamba vya kuning'inia." Mteja akajibu kwamba ni refu, haliingii kwenye bango.

Bango limeshachapishwa. Hamaki bado ni za bure.