Hofu ya mafuriko haikaushi maziwa ya mama

Kila mvua zikikolea hapa Dodoma, ule ujumbe hurudi kwenye magrupu: mama aliyekimbia mafuriko maziwa yake hukauka au huchacha, mtoto apewe ya kopo. Si kweli. Hofu huweza kuchelewesha maziwa kushuka kwa muda, ndipo wengi hudhani yamekwisha. Mtoto akiendelea kunyonya mara kwa mara, yanatoka. Hesabu nepi: anayenyonya tu, aliyepita wiki ya kwanza, akikojoa mara 6 au zaidi kwa saa 24, kwa kawaida anashiba. Maziwa ya kopo yakikorogwa kwa maji ya korongo lililofurika huleta kuhara, na kuhara huua kichanga haraka mno. Tafadhali, ukiupokea ujumbe huo usiusambaze. Mpelekee mama huyo maji safi ya kunywa, uji wa uwele, na kanga ya kujisitiri anyonyeshe kwa utulivu.