Picha za watoto: mambo tunayodanganyana

Eti mtoto lazima atulie ndo picha itoke poa. Wapi! Mtoto wa miaka 3 ukimwambia simama hapo usitikisike, shuti imeshakufa kabla haijaanza. Kugandisha picha ni kazi ya kamera sio yake, weka spidi ya shata (muda kamera inaofunguka kupokea mwanga) sekunde 1/500 kama anakimbia, na kwa simu washa ile ya kupiga mfululizo, muache aruke aruke utachagua baadaye.

Kuna hii ya jua la saa sita, kwamba mwanga mwingi ndo picha kali. Mwanga upo kweli ila unatoka utosini, kwahiyo macho yanageuka mashimo meusi na mtoto anakunja sura. Saa ya mwisho kabla jua halijazama ndo tamu, au mkikwama mchana msogeze kwenye kivuli cha ukuta uso ukielekea upande ulio wazi, ila sio chini ya mti wa majani machache, atatoka na madoa kama chui. Lakini jamani kama jioni ndo muda wake wa usingizi achana na hilo jua zuri, piga asubuhi akiwa ameshiba. Mimi hapo sina mjadala, mtoto mwenye usingizi hata mwanga uwe mtamu vipi utapata kilio tu.

“Haya cheka!” nayo inaleta meno tu, macho hayapo. Mwambie kwa sauti ya ukali wa uongo “ole wako ucheke!” halafu subiri, na akishapasuka usishushe kamera, ile sekunde anayovuta pumzi baada ya kicheko ndo mara nyingi inatoa picha yenyewe.

Flashi kupofusha kichanga? Flashi ya kawaida haipofushi macho mazima, ila inamshtua na sura inatoka bapa, mwanga wa dirisha unatosha.

Nguo sare sio lazima. Ila angalia rangi, nguo ya kijani kali inarudisha rangi yake mpaka kidevuni.

Wengine wanadhani wasaidizi wakiwa wengi mtoto atachangamka, matokeo yake shangazi anaita huku, mjomba anapiga makofi kule, mtoto anaangalia kila sehemu isipokuwa lenzi. Chagueni mmoja tu, asimame nyuma ya bega la mpiga picha, na mpiga picha mwenyewe apige magoti, maana ukimpiga picha mtoto ukiwa umesimama anatoka kichwa kikubwa miguu mifupi.