Daraja la Forth: Usiruke Uzio

Msimu wa watalii ukifika South Queensferry, Scotland, malalamiko ni yale yale: watu wanaruka uzio wapate picha ya karibu. Daraja la Forth ni reli inayofanya kazi. Kuingia eneo la reli bila ruhusa ni kosa la jinai, faini yake inaweza kufika pauni 1,000, na kudai kwamba umekaa dakika mbili tu au umepiga picha moja si utetezi.

Tunaulizwa pia kwa nini chuma kingi hivyo. Jibu ni upepo. Usiku wa tarehe 28 Desemba 1879 Daraja la Tay, daraja lingine la reli la Scotland, lilianguka dhorubani, treni ikiwa juu yake. Mbunifu wake, Thomas Bouch, alikuwa amekwisha kuchora daraja la kuning'inia kwa ajili ya mlango wa mto Forth. Mchoro huo ukatupwa. John Fowler na Benjamin Baker waliochukua kazi walitakiwa kukokotoa msukumo wa upepo wa ratili 56 kwa kila futi ya mraba, yaani kilo 273 hivi kwa mita ya mraba. Ndiyo maana minara imetanua miguu: mita 36.6 chini, mita 10 tu juu. Sehemu zinazobanwa ni mabomba ya feleji yenye kipenyo cha mita 3.7, zinazovutwa ni mihimili ya kimiani, yaani ya vyuma vilivyopishana kama wavu. Kila uwazi mkubwa, yaani nafasi kati ya mnara na mnara, una mita 521: mikono miwili ya mita 207 kutoka minara ya pande zote mbili, na kati yake kipande cha mita 107 kilichokalia ncha za mikono hiyo. Hakuna kilichoning'inizwa kwa kamba.

Na rangi? Ule msemo kwamba mafundi wakifika mwisho wanaanza upya umepitwa na wakati. Kazi iliyokamilika 2011 ilivua rangi yote ya zamani hadi chuma kitupu kwa kupuliza chembe za kukwaruza, kisha zikapakwa tabaka tatu, la kati likiwa epoksi (rangi ya plastiki inayokauka ikawa ngumu) yenye vipande vya kioo. Ilikadiriwa kudumu miaka 25 au zaidi. Ukibakiza kutu chini ya tabaka la kwanza, hayo mengine mawili hayasaidii kitu.

Anayetaka kuliona kwa karibu apande treni ya Edinburgh hadi North Queensferry, inalivuka lote. Wa picha asimame gatini.