Roboti ya mashindano: hesabu safari kabla ya kushika spana

Kanuni za msimu zikitoka, timu nyingi hukimbilia kuchora mkono wa roboti. Anzeni na saa. Mechi ya FIRST Tech Challenge, mashindano ya roboti ya wanafunzi, ina sekunde 30 za roboti kujiendesha yenyewe, kisha dakika 2 za dereva. Tuseme goli la juu lina pointi 5 na la chini pointi 3. Roboti inayotumia sekunde 20 kuokota kipande cha mchezo, kukifikisha juu na kurudi itamaliza safari 6 mikononi mwa dereva: pointi 30. Ile ya chini, kwa sekunde 10, inapiga safari 12: pointi 36. Na hapo bado hatujahesabu vipande vitakavyomponyoka yule wa juu.

Chasisi isiwaumize kichwa. Mota nne, mbili kila upande. Gurudumu la kipenyo cha sentimita 10 likizunguka mara 200 kwa dakika linakwenda takriban mita 1.05 kwa sekunde, kwa hiyo uwanja wa mita 3.66 unaukata kwa sekunde tatu na nusu. Kwa dereva mgeni inatosha kabisa. Ila msifunge magurudumu manne ya mpira: roboti ikikata kona, mpira unaburuzwa kiubavu, mota zinachemka na betri inanywewa bure. Mawili ya nyuma yawe ya omni, yenye vijirola kwenye ukingo, na kona italainika.

Mkono ndio unaohitaji hesabu. Kipande cha kilo 0.3 kiko kwenye ncha, mita 0.4 kutoka bawaba. Mkono wenyewe una kilo 0.6, na uzito wake umekaa katikati, mita 0.2. Ukiwa umelala sambamba na sakafu: (0.3 × 0.4 + 0.6 × 0.2) × 9.8 (mvutano wa dunia), yaani nguvu ya kuzungusha ya takriban Nm 2.35 (nyutoni-mita). Tazama vizuri: nusu ya mzigo ni mkono wenyewe! Mota inayokwama kwenye Nm 2.1 haitaunyanyua. Weka gia ya meno 12 isukume ya meno 60, upate Nm 10.5 kabla ya msuguano. Sasa mota inatumia chini ya robo ya uwezo wake. Kasi inashuka mara tano, na hiyo ndiyo bei yake. Mipira ya kuvuta, ikifungwa kutoka chasisi hadi mkononi, hupunguza mzigo zaidi.

Mkono ukitoa sauti ya krrr na kushuka ghafla, msiilaumu mota. Mara nyingi shafti imeshikwa upande mmoja tu, ikapinda chini ya mzigo, gia zikaachana na kuruka meno. Shafti ishikwe pande zote mbili, na gia ikae karibu na beringi. Kwenye kila kiungo kinachotikisika tumieni nati zenye pete ya nailoni; nati za kawaida hulegea mechi baada ya mechi. Nyaya nazo: kabla ya kuwasha umeme, zungusha mkono taratibu mwanzo hadi mwisho na uangalie kama kuna waya unaokazwa. Karibu na kila plagi acha kitanzi kidogo, kisha ufunge.

Katika zile sekunde 30, programu ya "nenda mbele sekunde mbili" itawasaliti. Betri iliyojaa huipeleka roboti mbali kuliko iliyochoka, kwa muda uleule. Pimeni kwa enkoda, kihisi kinachohesabu mizunguko ya mota: gurudumu letu hukata sentimita 31.4 kwa mzunguko, hivyo sentimita 60 ni mizunguko 1.91. Enkoda nayo haijui gurudumu likiteleza, kwa hiyo ondokeni polepole na kuongeza kasi kidogo kidogo. Na kama njia inapita kando ya ukuta wa uwanja, rudisheni roboti kinyumenyume iuegemee kwa nusu sekunde, mwendo mdogo: inanyooka yenyewe, na kosa la kona zilizotangulia linafutika kabla ya hatua inayofuata.