Kijani cha jani la mkonge: yanayosemwa na yaliyo kweli kuhusu kijani kijivu ukutani

Jani la mkonge si la kijani kama la mgomba, wala si la kijivu kama majivu. Kijani chake kimefifia, kana kwamba kimepulizwa vumbi laini. Ukilisugua kwa kidole gumba, utandu mweupe hutoka na kijani kibichi kilichojificha chini hujitokeza. Majani ya mleleshwa ya Bonde la Ufa nayo yana rangi ya ukoo huohuo. Hiyo ndiyo rangi inayotafutwa sana siku hizi kwa sebule, vyumba vya kulala na makabati ya jikoni.

Ni rangi tulivu na nzuri mno, ila imekaa ukingoni: kijani kidogo, kijivu kidogo, njano kidogo. Balbu, sakafu au mti ulio dirishani huweza kuisukuma upande mmoja. Makosa mengi hutokana na kuichukulia kama rangi iliyokwisha kuamuliwa dukani.

"Chukua nyeupe, tia kijani kidogo, basi"

Hili ndilo kosa linaloharibu kuta nyingi kuliko yote. Kijani peke yake ndani ya nyeupe kinatoa rangi ya dawa ya meno. Nyeupe hukipunguza nguvu kijani lakini haikiondolei ukali. Kinachokituliza ni rangi inayopingana nacho, yaani nyekundu, au nyeusi.

Kuna jambo ambalo mafundi wengi hawaliamini mpaka walijaribu: njano ya udongo ikikutana na nyeusi ndani ya nyeupe huzaa kijani, hata kama hujatia tone la kijani chenyewe. Kwa hiyo anza hapo. Pima rangi nyeupe ya maji ml 200 kwenye kikombe. Kwa bomba la sindano lisilo na sindano, tia ml 2 za njano ya udongo, koroga, kisha tia nusu ml ya nyeusi. Utaona kijani cha zeituni kilichopauka kikijitokeza. Sasa ongeza kijani, robo ml kwa robo ml. Kikielekea kwenye mnanaa, tia nyekundu ya udongo matone mawili tu, ukoroge tena. Ikizidi, mchanganyiko hugeuka tope, na tope halirudi nyuma. Itabidi uanze kikombe kingine. Nguvu ya rangi za kukolezea hutofautiana kati ya mtengenezaji na mtengenezaji, hivyo vipimo hivi ni vya kuanzia tu. Andika kila ulichotia, maana ukiridhika unazidisha mara 20 kupata lita 4. Zingatia pia kiwango cha juu kilichoandikwa kwenye chupa: rangi ya kukolezea ikizidi, ukuta huchelewa kukauka na hubaki unanata.

Usihukumu rangi ikiwa mbichi. Rangi ya maji ikiwa mbichi ina weupe wa maziwa ambao hupotea inapokauka, kwa hiyo ukutani itakuwa nzito kuliko ulivyoiona kikombeni. Paka kwenye kadi nyeupe, acha ikauke kabisa, ndipo uamue. Ukiwa na uwezo, mashine ya kuchanganyia dukani ni salama zaidi, kwa sababu inakupa namba ya mchanganyiko unayoweza kurudi nayo mwakani.

"Nimeipenda kwenye kadi, ukutani itakuwa ileile"

Kipande cha kadi ni kidogo kuliko kiganja. Ukuta wa mita 4 ni kitu kingine: kuta zinazotazamana hurushiana rangi, na kijani kilichoonekana kimejificha kwenye kadi kinajitokeza. Ndiyo maana ukiwa unasita kati ya rangi mbili, mara nyingi ile yenye ujivu zaidi ndiyo itakayokupa ulichokitaka.

Jaribu kwenye ubao au kadibodi ya sm 60 kwa 60, upake mikono miwili, yaani mara mbili. Usipake mabaka ukutani, kwa sababu rangi ya zamani inayoyazunguka itakudanganya. Uegemeze ubao kila ukuta kwa zamu, uuangalie asubuhi, adhuhuri, na usiku taa zikiwa zimewashwa. Siku mbili zinatosha.

"Chumba kinachoangalia kaskazini ni cha baridi, usikipake rangi hii"

Ushauri huu umetoka Ulaya na Amerika Kaskazini, na huko ni wa kweli: jua lao hukaa upande wa kusini, na dirisha la kaskazini hupata mwanga wa buluu mwaka mzima. Kwetu karibu na ikweta hauna maana. Dar es Salaam iko takriban digrii 7 kusini mwa ikweta. Mwezi Juni jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini, digrii 30 hivi kutoka utosini. Desemba limehamia kusini, digrii 17 hivi. Dirisha moja hubadilishiwa mwanga na majira.

Kinachotofautisha vyumba hapa ni mashariki na magharibi. Chumba cha magharibi hupigwa na jua la alasiri lenye njano, na kijani kijivu chako kitageuka zeituni kuanzia saa 10. Ukitaka kibaki kitulivu saa hizo, chagua chenye ujivu zaidi na njano kidogo. Chumba cha mashariki huwa na uchangamfu asubuhi, kisha hupoa mchana kutwa. Hapo mchanganyiko wenye njano ya udongo kidogo husaidia. Kibaraza kipana nacho hukata mwanga, na mwembe ulio karibu na dirisha hurusha kijani chake ndani. Hayo yote yana uzito kuliko dira.

"Balbu ni balbu"

Tazama namba kwenye boksi. Balbu nyingi zinazouzwa ni za kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 6500, zile nyeupe za kuelekea buluu. Chini yake kijani kijivu hupoteza njano na kubaki kama saruji yenye ubaridi. Kelvini 2700 hadi 3000 hukipa joto na kukivuta kwenye zeituni. Kelvini 4000 iko katikati, na jikoni inafaa. Tazama pia alama ya uaminifu wa rangi, Ra au CRI: ikiwa 90 au zaidi, rangi zilizofifia huonekana vizuri; ikiwa 80, kijani kidogo kilichomo hupotea. Badilisha balbu kwanza, kabla hujaamua kupaka upya.

"Itafanana na hospitali"

Hofu hii ina asili. Mwaka 1914 daktari mpasuaji Harry Sherman wa San Francisco alipaka chumba cha upasuaji kijani cha mchicha, kwa sababu weupe ulimuumiza macho na kijani ndicho kinyume cha nyekundu ya damu. Kutoka huko kijani kikaenea hospitalini.

Lakini kinachotukumbusha wodi si kijani kijivu. Ni mambo matatu yakikutana: kijani kikali chenye buluu, rangi ya mafuta inayong'aa iliyopakwa nusu ukuta, na taa nyeupe za mirija. Paka rangi isiyong'aa au silki hafifu, kutoka sakafuni mpaka darini bila kukata katikati, na hospitali haitakuja akilini mwa mgeni. Rangi ya maji inayooshwa ipo. Huhitaji mafuta ili kufuta alama za vidole vya watoto.

"Ni nyeusi mno kwa chumba kidogo" au "ni nyepesi, haina tatizo"

Yote mawili husemwa kuhusu rangi hii, na jina pekee haliwezi kuamua. Kadi nyingi huandikwa LRV, kiwango cha mwanga unaorudishwa na rangi, kutoka 0 hadi 100. Kampuni mbili za Marekani zilichagua kijani kijivu kuwa rangi ya mwaka 2022: Evergreen Fog ya Sherwin-Williams ina LRV 30, na October Mist ya Benjamin Moore ina karibu 47. Wauzaji huziweka kapu moja, lakini ya kwanza hurudisha chini ya theluthi moja ya mwanga na ya pili karibu nusu. Korido isiyo na dirisha itahitaji 50 au zaidi. Chumba cha kulala chenye madirisha mawili hubeba 30 vizuri kabisa.

"Haiendi na sakafu nyekundu wala mbao zetu"

Inaenda, na pengine hakuna rangi inayokaa na mninga au mvule kwa heshima kama hii. Ila lazima ujue kinachotokea. Jicho likitazama nyekundu, kijani kilicho pembeni huongezeka nguvu. Juu ya sakafu nyekundu iliyong'arishwa, kijani kijivu huonekana kijani kuliko kilivyo. Weka ubao wako wa majaribio ukiwa umesimama juu ya sakafu hiyohiyo, si juu ya meza, kisha ushuke hatua moja kwenye ujivu. Dari na fremu zipake nyeupe yenye maziwa. Nyeupe kali ya buluu huufanya ukuta uonekane mchafu.

"Ukuta umekauka, nimeugusa"

Plasta mpya ya saruji ikikauka juu, ndani bado ina maji na ukali wa chokaa. Isubiri siku 28. Ukipaka mapema, chumvi nyeupe husukuma rangi kutoka ndani, na zile njano zisizostahimili ukali wa chokaa hufa kwanza. Njano ikifa, kijani kinabaki buluu kwa mabaka mabaka, na mabaka hayo hayafichiki kwenye rangi tulivu kama hii. Omba mchanganyiko wa njano na nyekundu za udongo na kijani cha kromu oksaidi. Hizo hazijali chokaa wala jua.

Kupima unyevu, bandika karatasi ya nailoni ya sm 45 kwa 45, uizibe kingo zote kwa selotepu, uiache saa 16 au zaidi. Ukikuta matone kwa ndani, ngoja. Kwenye nyumba za pwani zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe, chumvi hutoka hata baada ya miaka mingi. Isugue kwa brashi kavu, usiioshe kwa maji, maana maji huirudisha ndani. Kisha paka prima, yaani rangi ya msingi, ya kuzuia ukali wa chokaa kabla ya rangi yenyewe.

"Inaficha ukungu"

Inaficha macho yako tu, na wanaolala humo wanaendelea kuuvuta. Tafuta kwanza bomba linalovuja au bati lililotoboka. Kisha sugua ukungu kwa jiki sehemu 1 kwa maji sehemu 3, acha dakika 15, suuza, na kausha siku mbili. Vaa glavu, fungua madirisha, na kamwe usichanganye jiki na dawa ya choo wala amonia, kwa sababu huzalisha gesi ya sumu.

"Galoni moja inatosha chumba"

Chumba cha mita 4 kwa 3.5 chenye kimo cha 2.8 kina kuta za mita za mraba 42. Ondoa mlango na dirisha, zinabaki 38 hivi. Lita moja hufunika takriban mita 10 za mraba kwa mkono mmoja, hivyo mikono miwili ni lita 7.6: galoni mbili za lita 4. Zimimine zote kwenye ndoo moja ya lita 20 na uzikoroge pamoja kabla ya kuchovya rola. Galoni mbili za namba moja huweza kutofautiana kidogo, na kwenye rangi hii kidogo hicho huonekana pale fundi alipobadilisha kopo, katikati ya ukuta.

Nje ya nyumba, jua kali huifanya rangi ionekane nyepesi sana, karibu nyeupe. Chagua iliyo nzito hatua mbili kuliko uliyoipenda kivulini, na bakiza nusu lita kwenye chupa iliyojazwa mpaka mdomoni, yenye namba ya mchanganyiko na tarehe juu yake. Siku ya kuziba baka, paka kutoka kona hadi kona. Kiraka cha katikati ya ukuta hakitafanana na ukuta uliokwisha kupigwa na jua.